Basi la Ghorofa Linalouza Chai: Umri Wake Unahesabiwa kwa Kipi?

Matangazo ya kukodisha mabasi ya shughuli huko Uingereza hufanana sana. Utaambiwa kwamba hili ni Routemaster halisi, lile basi la ghorofa la London, la mwaka 1960, au 1964, limegeuzwa mgahawa na litafika kwenye harusi yako pamoja na jiko lake. Picha inaonyesha basi jekundu la ghorofa, meza zimetandikwa vitambaa, vikombe vimepangwa dirishani.

Mwaka unaotajwa kwenye tangazo kwa kawaida ni wa kweli kwenye karatasi. Ukienda kwenye chuma chenyewe, mambo yanabadilika. Injini huenda ni ya miaka ya 1990. Namba za usajili huenda zilitolewa upya miaka ishirini na kitu baada ya basi kuzaliwa. Bodi huenda ilitengenezwa kwa ajili ya basi jingine, na fremu ya nyuma ikatoka kwenye basi la tatu. Wala si kwamba kuna mtu aliyedanganya. Mabasi haya yaliundwa yaishi kwa kufunguliwa, kutenganishwa na kuunganishwa tena, na ndiyo maana gari lililoanza kazi zaidi ya miaka 60 iliyopita bado lina uwezo wa kubeba jiko leo. Anayetaka kujua historia ya basi la aina hii lazima aanzie hapo.

Somo kutoka kwenye ndege za vita

Wahandisi wa London Transport, shirika la usafiri wa jiji, wakiongozwa na A.A.M. Durrant, walianza kulifanyia kazi basi hili mwaka 1947. Kijana mmoja kati yao, Colin Curtis, alikuja kuwa miongoni mwa watu waliolifahamu kuliko wote. London wakati huo ilikuwa na mtandao wa mabasi ya umeme, yale yanayovuta umeme kwenye waya za juu, mkubwa kuliko mwingine wowote duniani. Waya na mitambo yake ilikuwa inachoka, na ikaamuliwa kwamba mabasi ya dizeli yachukue nafasi yake. Tatizo ni kwamba basi la dizeli lililokuwepo, RT, lilikuwa na viti 56 tu, wakati basi la umeme lilibeba watu wengi zaidi. Kuongeza viti kwa njia ya kawaida kulimaanisha kuongeza chuma, na chuma kingi humaanisha mafuta mengi, breki kubwa na matairi yanayokwisha haraka.

Jibu lilitoka vitani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, London Transport na viwanda vya magari vilishirikiana kuunda ndege za kivita aina ya Halifax, wakatoa 710. Katika kazi hiyo mafundi wa mabasi walijifunza mambo mawili ambayo hawakuyasahau. La kwanza, alumini iliyopigwa ribiti vizuri inaweza kubeba mzigo mzito huku yenyewe ikiwa nyepesi. La pili, kipande kikitengenezwa kwa vipimo vikali, kitaingia mahali pake hata kama kimetoka kiwanda kingine na kupigwa na fundi mwingine.

Basi la kawaida la wakati ule lilikuwa na chesisi: mihimili miwili mirefu ya chuma iliyobeba injini, ekseli na kila kitu, kisha bodi ikawekwa juu yake. Routemaster halina chesisi. Bodi ya alumini ndiyo inayobeba uzito wote. Mbele hufungwa fremu moja fupi yenye injini, usukani na springi za mbele. Nyuma hufungwa nyingine yenye ekseli ya nyuma. Wenyewe huziita fremu A na fremu B. Chukua debe la mafuta uone: likiwa na pande zake zote unaweza kulikalia, lakini likate dirisha kubwa ubavuni, litabonyea. Jambo hilo lina uzito mkubwa tutakapofika kwenye mambo ya jiko.

Matokeo yalikuwa basi la viti 64 lenye uzito wa takriban tani saba na nusu, karibu sawa na RT la viti 56. Lilikuwa na usukani wa kusaidiwa na haidroliki, gia za kujibadilisha zenyewe na springi huru za mbele, vitu ambavyo magari mengi ya matajiri ya miaka ya 1950 hayakuwa navyo. Sura yake ilichorwa na Douglas Scott. La kwanza kabisa, RM1 (RM ni kifupi cha Routemaster), lilioneshwa hadharani mwaka 1954 na kuanza kubeba abiria tarehe 8 Februari 1956 kwenye njia namba 2. Hadi utengenezaji ulipokoma mwaka 1968 yalikuwa yametoka 2,876, pamoja na aina ndefu zaidi, RML, yenye viti 72.

Ndani kulikuwa na rangi tatu zilizochaguliwa kwa makini: nyekundu iliyoiva ubavuni, kijani kuzunguka madirisha, na manjano kwenye dari. Wakati huo abiria wa ghorofa ya juu waliruhusiwa kuvuta sigara, na dari ya manjano ilificha madoa ya moshi ambayo kwenye dari nyeupe yangeonekana ndani ya mwezi. Ukipanda basi la chai leo ukaona dari ya manjano yenye kung'aa, jua mwenye basi ameheshimu rangi ya asili.

Aldenham, mahali ambapo basi lilibadilishwa jina

Kaskazini mwa London, kwenye jengo lililojengwa awali kwa ajili ya treni za chini ya ardhi na kisha kutumika kuundia Halifax wakati wa vita, palikuwa na karakana kubwa iliyoitwa Aldenham. Kila baada ya miaka michache kila basi la London lilipelekwa huko kufanyiwa matengenezo makubwa. Huko ndiko historia ya basi mojamoja inakoanza kuchanganya watu.

Basi likifika, bodi ilinyanyuliwa kutoka kwenye fremu zake. Fremu zilikwenda upande mmoja, bodi upande mwingine. Bodi ilifungwa kwenye mtambo ulioweza kuilaza ubavu ili mafundi waifikie sakafu kwa chini bila kulala chali. Injini zilikwenda kwenye karakana nyingine, huko Chiswick. Kila kitu kilikaguliwa, kilichooza kikatolewa, kipya kikaingia.

Muda wa kutengeneza bodi haukuwa sawa na muda wa kutengeneza fremu, na London Transport haikutaka bodi iliyokamilika isimame ikingoja fremu yake iliyozaliwa nayo. Kwa kuwa vipande vyote viliingiliana, bodi iliyokuwa tayari ilifungwa kwenye fremu zilizokuwa tayari. Tena kodi na cheti cha kufaa kwa barabara vilikwenda na namba ya basi, na basi likikaa karakanani wiki kadhaa, fedha hizo zinapotea bure. Kwa hiyo basi lilipoingia mlango mmoja likiwa na namba zake, namba hizo zilihamishiwa kwenye basi lililokuwa linatoka mlango wa pili. Kwenye daftari ni kama basi hilo halikuwahi kukaa karakanani hata siku moja. Kwenye chuma, lililoingia na lililotoka yalikuwa magari mawili tofauti.

Ushahidi unaonekana kwa macho ukijua pa kutazama. Bodi takriban 250 za kwanza zilikuwa na madirisha ya mbele, ghorofa ya juu, yasiyofunguka. Zilizofuata zilipewa madirisha ya kufunguka. Ukikuta basi lenye namba kubwa, tuseme zaidi ya RM 1000, ambalo madirisha yake ya mbele juu yamefungwa moja kwa moja, basi ujue umekalia bodi ya mwanzo kabisa iliyopewa jina la basi lililozaliwa miaka kadhaa baadaye. Kinyume chake pia kipo: namba ndogo inayojivunia ukongwe, ikiwa imekaa kwenye bodi changa.

Binafsi naiona Aldenham kama moja ya kazi za ufundi zilizofikiriwa vizuri kabisa katika usafiri wa umma. Huko Uingereza magari mengi ya umri ule yaliishia kwenye chuma chakavu kwa sababu kipande kimoja kikioza hakuna cha kukibadilisha. Routemaster lilizaliwa likiwa na jibu la swali hilo. Karakana ilifungwa mwaka 1986 na jengo lake likaja kubomolewa.

Kutolewa barabarani

Uuzaji mkubwa ulianza mwaka 1982. Sababu ya kwanza ilikuwa mshahara. Routemaster lina dereva ndani ya kibanda chake cha mbele, aliyetengwa kabisa na abiria, kwa hiyo lazima awepo kondakta wa kukata tiketi. Basi jipya lenye mlango mbele liliendeshwa na mtu mmoja.

Hata hivyo, mwaka 1986 serikali ilipofungua soko la mabasi nje ya London, kampuni zikaanza kugombania abiria, na basi lenye kibaraza cha nyuma kilicho wazi likawa silaha. Watu wanaruka na kupanda bila kungoja mlango, kondakta anakata tiketi gari likienda, basi la mshindani bado limesimama. Routemaster nyingi zikanunuliwa kwenda Uskochi. Mmoja wa wanunuzi alikuwa Stagecoach, kampuni ya mjini Perth, ambayo mwaka 1991 ilichukua Kenya Bus Service na kuiendesha hadi 1998. Mabasi ya ghorofa ambayo watu wa Nairobi waliyapanda enzi hizo hayakuwa Routemaster, lakini mmiliki wake aliwahi kuyaendesha magari haya huko Uskochi.

Katika kuuzwa huko, mengi yalipoteza namba zake. Uingereza kabla ya mwaka 1963 namba za gari hazikuwa na herufi ya kuonyesha mwaka, kwa hiyo namba kama za mfululizo wa VLT na WLT ziliwavutia wenye mabasi ya kifahari waliotaka kuficha umri wa magari yao. Zikang'olewa, zikabandikwa kwenye mabasi mapya ya safari ndefu, na Routemaster likapewa namba nyingine isiyo na uhusiano wowote na historia yake. Mtu anayefuatilia basi lake kwa namba ya usajili peke yake anaweza kujikuta anasoma historia ya gari jingine.

Injini nazo zilibadilishwa. Injini ya asili ilikuwa AEC ya lita 9.6, na baadhi zilifungwa Leyland. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 London iliamua kuendelea na RML katikati ya jiji, ikazifunga injini za Cummins na Iveco. Mlio ukabadilika kabisa. Wapenzi wa magari haya hutambua injini wakiwa wamefumba macho.

Mwisho wa huduma ya kawaida ulikuja tarehe 9 Desemba 2005 kwenye njia namba 159. Sheria mpya ilitaka mabasi yote yaweze kupandwa na mtu mwenye kiti cha magurudumu, na kibaraza cha nyuma chenye ngazi hakikuweza kubadilishwa kufanya hivyo. Kwangu sababu hiyo ilitosha. Kulipenda basi si hoja ya kumwacha mtu barabarani. Matokeo yake ni kwamba mamia ya mabasi yenye afya njema yaliingia sokoni, na wenye shughuli za chakula wakayaona.

Jiko juu ya magurudumu

Chakula na magari ya London walikuwa wamefahamiana zamani. London Transport ilikuwa na kantini za magurudumu zilizopelekwa kwenye vituo vya mwisho visivyo na jengo, ili madereva na makondakta wapate chai na chakula cha moto. Mwaka 1940, mabomu yalipowafanya maelfu walale kwenye stesheni za chini ya ardhi, treni maalumu zilizunguka zikiwapelekea chai, kakao na mikate. Kilichokuja baadaye ni kumfanya mgeni alipe kwa ajili ya basi lenyewe kama anavyolipia keki.

Watu wengi hudhani tatizo la kuweka jiko kwenye basi ni uzito. Hebu tupige hesabu. Abiria 64, tukimkadiria kila mmoja kilo 65, ni zaidi ya kilo 4,100. Toa viti vya chini, weka jokofu, sinki, kaunta, jiko na wageni ishirini na kitu, na bado hujafika huko. Basi lina uwezo. Swali ni uzito unakaa wapi. Mabasi ya ghorofa ya Uingereza hujaribiwa kwa kuinamishwa upande hadi nyuzi 28, juu kukiwa na mzigo wa abiria na chini kukiwa kutupu, bila kupinduka. Hesabu hiyo ilifanywa kwa ajili ya watu na viti. Tangi la maji la lita 200 ni kilo 200, tena za kitu kinachochezacheza gari likikata kona. Likiwekwa juu linaharibu kila kitu. Ndiyo maana jiko hukaa chini, wageni juu, na matangi ya maji chini ya sakafu au karibu nayo.

Umeme ndio unaowashangaza wengi. Basi hili linatumia volti 24. Birika la kawaida la wati 2,400 lingehitaji ampea 100 kutoka kwenye mfumo huo, jambo lisilowezekana kwa nyaya zilizofungwa kuwasha taa. Kwa hiyo kuna jenereta, au waya mnene wa kuunganisha na umeme wa ukumbini, na kupikia hutumika gesi. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa; ikivuja hushuka na kutulia sakafuni. Mitungi lazima ikae kwenye kisanduku kilichozibwa upande wa ndani na chenye matundu chini, upande wa nje, na sakafu ya jiko iwe na matundu ya kuitolea. Hapa sitaki kusikia habari za kubana matumizi: mtungi uliofichwa chini ya ngazi ya basi lenye watu juu ni hatari isiyo na udhuru.

Halafu kuna dirisha la kuuzia. Wengi hutaka ubavu mzima ufunguke kama kibanda. Kwenye Routemaster ubavu ndio unaobeba, kwa hiyo kukata nguzo kati ya madirisha ni kukata mgongo wa gari. Fundi anayejua huacha nguzo zote zisimame, akatumia nafasi ya dirisha lililopo. Anayekata lazima arudishie nguvu kwa fremu ya chuma ndani, na akikosea, dalili huanza juu: vioo vya ghorofa ya pili vinapasuka bila kuguswa, ribiti zinalegea na mvua inaingia.

Kuna mahali padogo ndani ya basi ninapopapenda sana. Nyuma, pembeni ya kibaraza, chini ya ngazi inayopinda, wabunifu walimwachia kondakta nafasi ya kusimama asiwazuie watu wanaopanda na kushuka. Ni nafasi ya mtu mmoja, mgongo ukigusa ukuta. Katika mabasi mengi ya chakula hapo ndipo anaposimama mpokezi, mashine ya malipo mkononi, na anafanya kazi ileile: kumkaribisha mtu, kumchukulia pesa na kumwonyesha ngazi.

Ngazi yenyewe ndiyo inayoamua orodha ya vyakula. Ni nyembamba, inapinda, na mtu mrefu akifika juu huinamisha kichwa. Huwezi kupandisha sinia la supu. Ndiyo sababu mabasi ya chai yanayozunguka London huku wageni wakila hutegemea sandwichi ndogo, keki na skoni zilizopangwa mezani kabla gari halijaondoka, na chai huja kwenye vikombe vyenye vifuniko.

Marekani nako yapo mabasi mengi ya ghorofa yaliyogeuzwa migahawa, lakini mara nyingi si Routemaster. Ni Bristol Lodekka, lililotengenezwa hadi 1968 kwa ajili ya kampuni za mikoani zenye madaraja ya chini. Ekseli yake ya nyuma ilishushwa katikati ili sakafu ya chini ikae karibu na ardhi, na kimo chake ni takriban mita 4.1, wakati Routemaster hukaribia mita 4.4. Kimo cha Lodekka kinalingana na malori makubwa ya Marekani, hivyo linapita panapopita lori. Pia lina chesisi, kwa hiyo kulikata ubavu ni salama zaidi.

Karatasi za kuulizia

Umri umekuwa na faida ya kisheria pia. Jiji la London hutoza magari yanayochafua hewa, na tozo hiyo imefika karibu jiji zima. Gari la zaidi ya miaka 40 linaweza kusamehewa, isipokuwa likitumika kibiashara kama gari la kuuza chakula. Lakini gari lililotengenezwa kabla ya Januari 1973 husamehewa hata likiwa kazini. Kwa hiyo Routemaster zote zinapita bure, na basi la ghorofa la miaka ya 1980 lililogeuzwa mgahawa linalipa. Hapo ndipo mwaka ulioandikwa kwenye kadi ya gari unapokuwa na thamani ya pesa taslimu.

Anayenunua au anayetaka kuandika historia ya basi lake aanze na namba ya kampuni, ile ya RM au RML, kisha ndiyo aangalie namba ya usajili. Atafute namba ya bodi, ambayo ni tofauti na zote mbili, na aulize injini ilifungwa lini. Routemaster Association na wapenzi wengine wamekusanya kumbukumbu za basi mojamoja kwa miaka mingi, na London Transport Museum bado inalitunza RM1.

Mwenye basi naye angefanya vema kubandika ukutani, karibu na bei za keki, maelezo manne: namba ya basi, bodi ilitoka wapi, injini ni ya mwaka gani, na nini kilikatwa lilipogeuzwa jiko. Wageni wanapenda kusoma wakisubiri chai. Na kabla hujalipa senti, muulize muuzaji viti vya chini alivipeleka wapi. Kama viko stoo, vimefunikwa, na nguzo zote za madirisha zimesimama, basi hilo linaweza kurudi kubeba abiria siku yoyote. Kama viliuzwa mnadani na ubavu umekatwa, bei inapaswa kushuka sana.